Ewe Ukuta, Zina Ngapi?

Baba wa mume wangu ana jina zuri, na Masukulu nzima inalijua. Wanamwita sokoni, wanamwita kanisani, hata walevi wa kilabuni wanamwita. Mimi niliyemzalia mjukuu ndiye nisiyetakiwa kulitamka. Tena si jina tu. Sitakiwi kukaa naye chumba kimoja, wala kumtazama usoni, wala kupishana naye njiani bila kuchepukia kwenye migomba. Ndiyo mila yetu Wanyakyusa kati ya mkamwana na mkwe. Wengi wameiacha. Huku Tukuyu mjini nawaona wakamwana wanakula meza moja na wakwe zao na kugombea rimoti ya televisheni. Yeye hakuiacha. Mke wa shemeji yangu mkubwa alirudishwa kwao kwa sababu aliingia sebuleni kuchukua jiko la mkaa bila kuuliza nani yumo, akakaa kwao mpaka mahindi yakavunwa.

Nami nina mdomo. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanishangaa mbele. Marehemu mama yangu alikuwa akisema, Ikupa alizaliwa akibisha. Ndugu zangu walicheka sana waliposikia naolewa katika nyumba ile. Lakini nilijitahidi, haki ya Mungu nilijitahidi. Tukiwa kwao Masukulu, nikiwa na neno kwa mzee nilimwambia mama mkwe, naye akalifikisha. Mama mkwe asipokuwepo, nilisema na ukuta, kwa maana hilo linaruhusiwa: "Ewe ukuta, mwambie mwenye nyumba ndama amekata kamba." Ukuta haujibu, ila mwenye nyumba husikia, na ndama hufungwa.

Kazi yangu ni ufundi wa kompyuta. Nina kibanda Msasani, hapahapa Tukuyu, pamoja na rafiki yangu Samira. Yeye anachapa barua na kutoa kopi, mimi natengeneza mashine zilizokufa na zile zinazojifanya zimekufa. Ndiyo maana Madam Hellen, mwalimu mkuu wa sekondari moja huko Masukulu, alinipigia simu. Shule ilikuwa inaletewa laptop ishirini na mfanyabiashara kutoka Mbeya, na mwalimu wa kompyuta hawakuwa naye. Alitaka fundi azikague kabla kamati ya mapokezi haijasaini.

"Mwenyekiti wa kamati unamjua," akasema.

"Namjua."

"Basi usiwe na wasiwasi, Mama Lusajo. Kamati inakaa mchana baada ya chakula. Wewe njoo asubuhi, kagua, niambie, ondoka zako."

Nilikubali, na si kwa ajili ya ujira. Laptop zile zilinunuliwa kwa ndizi. Watu wa Masukulu walitoa mkungu kwa mkungu, msimu baada ya msimu, na aliyepita mlango kwa mlango kuiomba alikuwa yeye, baba mkwe, na fimbo yake na koti lake la mvua. Kila mlango aliacha maneno yaleyale: "Nikiwadanganya, njooni mniulize mimi." Kabla yake kulikuwa na mwenyekiti mwingine, wa mradi wa maji. Mabomba yalikuja membamba kuliko ya kwenye mkataba, mzee wa watu akasaini bila kupima, maji yakagoma kupanda mlima. Hakula hata senti, lakini nani alimwamini? Watoto walimtungia wimbo. Aliishia kuhamia Chunya kwa mwanawe. Baba mkwe wangu hana mwana huko Chunya.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai hadi unashindwa kuona ng'ombe wa jirani. Gari la mizigo lilikuwa limeshafika. Maboksi yalikuwa yamepangwa kwenye stoo ya vitabu, chumba kidogo chenye dirisha la nondo, ambacho mlango wake pekee unafungukia ofisi ya walimu. Na ndani ya ofisi, juu ya meza ndefu iliyotandikwa kitambaa, laptop tatu zilikuwa zinawaka, zimefutwa vumbi mpaka zinang'aa.

Mwenye mali aliitwa Amoni. Kijana nadhifu, Mnyakyusa mwenzetu ila wa Mbeya mjini, shati jeupe, viatu visivyojua matope.

"Nkamu, karibu," akasema, akiniita ndugu kwa Kinyakyusa. "Hizi hapa sampuli. Kagua, tumalize."

Nikakagua. Jambo lenyewe halihitaji chuo kikuu. Unabofya kulia kwenye This PC, unachagua Properties, na mashine inakuambia ina memori kiasi gani. Nasema RAM, siyo ghala la kuhifadhia picha na nyimbo. RAM ni kama meza ya jikoni: stoo inaweza kuwa kubwa, lakini meza ikiwa ndogo utakatia mboga mapajani. Mkataba ulisema giga nane. Kwa nane, wanafunzi wangefungua programu zao za masomo na mashine ingetulia. Kwa nne, zingeganda mwalimu akiwa bado anaonyesha jinsi ya kuziwasha.

Zile tatu za mezani zilikuwa na nane. Safi kabisa.

"Umeona?" akasema Amoni. "Na nyingine ni hizohizo. Kamati huwa inaangalia sampuli, inasaini. Ndivyo tunavyofanya kila mahali."

"Mimi si kamati," nikasema, nikaingia stoo.

Nilifungua boksi la kwanza lililonijia mkononi. Nje lilikuwa na karatasi imebandikwa vizuri: giga nane. Nikaiwasha mashine juu ya magoti yangu, nikabofya. Giga nne. Nilidhani macho yananidanganya, nikavua miwani nikaifuta kwa pindo la kitenge. Nne. Nikafungua ya pili, ya chini kabisa ya rundo. Nne. Nikafungua Task Manager, ile sehemu inayoonyesha mashine inavyofanya kazi, nikasoma: nafasi za kuchomekea memori mbili, iliyotumika moja. Nyingine tupu. Mtu alikuwa ameitoa, au hakuiweka kabisa. Nikavuta ya tatu, ya nne, ya tano. Zote giga nne. Nane zilikuwa kwenye karatasi za maboksi tu.

"Unachimbua nini huko, nkamu?"

Amoni alikuwa amesimama mlangoni.

"Hizi zina nne."

"Nne?" Akachungulia kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. "Aa, hiyo ni Windows tu bado haijakaa sawa. Ikishapata mtandao itasoma nane."

"Amoni, memori si uyoga kwamba itaota mvua ikinyesha. Nafasi ya pili haina kitu. Nitamwambia Madam."

Akatazama nyuma yake. Madam Hellen alikuwa amekwenda jikoni kuulizia chai ya wageni; ofisini hapakuwa na mtu. Akashusha sauti.

"Mama Lusajo, chagua moja uipendayo. Ya mtoto. Zile za mezani, nzuri."

"Mtoto wangu bado anachezea matope, na yanamtosha."

Nilitegemea atakasirika. Hakukasirika. Alinitazama muda, akakunja uso kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

"Eti," akasema, "wewe si ndiye mke wa Meshaki? Mkamwana wa mwenyekiti?"

"Inakuhusu nini?"

Akatabasamu. Tabasamu lile bado naliona. Akatoka, akapiga simu palepale nikisikia, anamwita mtu tata, yaani baba kwa Kinyakyusa. "Shikamoo, tata. Ndiyo, kila kitu tayari. Naona mvua inakuja, wazee msije mkalowa bure. Mkija sasa hivi tunamaliza dakika chache. Ndaga fijo, tata," akashukuru.

Nilichelewa kuelewa. Kwanza niliona ajabu mwizi amwite mwenyekiti mwenyewe haraka hivyo. Nikaendelea kufungua maboksi ili nikitoka nitoke na ushahidi kamili. Nyumba ya baba mkwe, ambako wajumbe hukusanyika kwanza, iko ng'ambo ya shamba la chai la shule, mtu unaweza kuita akasikia. Nilipoweka chini mashine niliyokuwa nayo na kuelekea mlangoni nikamtafute Madam, nikaisikia fimbo.

Fimbo ile naijua. Ina chuma mwishoni, inagonga sakafu kabla ya kiatu. Nimeisikia mara nyingi nikiwa nafua, nikaacha nguo kwenye beseni na kukimbilia nyuma ya nyumba. Miguu yangu ikarudi nyuma yenyewe. Watu wanadhani mila inakaa kichwani. Inakaa miguuni. Kabla sijaamua lolote nilikuwa nimeshasimama kwenye kona ya stoo, nyuma ya rundo la maboksi, kitenge nimekivuta kichwani.

Amoni akausukuma mlango ukajifunga, kisha nikasikia kiti kinaburutwa na mgongo wake unaegemea ubao. Hapo ndipo nilipoelewa. Mlango ulikuwa unafungukia upande wao. Dirisha lilikuwa na nondo. Kijana yule aliyekulia Mbeya mjini na viatu vyake visafi alikuwa anaijua mila yetu vizuri, na ameigeuza kufuli.

Nikausogelea mlango kwa vidole vya miguu. Ubao ulikuwa na ufa, mkono mmoja juu ya komeo. Nikaweka jicho. Ndiyo, nilimtazama mkwe wangu. Mwenye kunihukumu anihukumu. Alikuwa ameketi kwenye meza ndefu, amenipa ubavu, koti la mvua magotini. Mbele yake laptop tatu zinazong'aa na karatasi ya mapokezi. Pembeni yake alikaa Mzee Jumaa, mwenye duka pale Masukulu, mjumbe wa wazazi, na wajumbe wengine wawili nisiowajua. Nikamwona Madam Hellen akiingia na chupa ya chai, ameshangaa kuwakuta.

"Jamani, mbona mapema? Na Mama Lusajo yuko wapi?"

"Ameondoka, Madam," Amoni akajibu, kisogo chake kiko chini ya pua yangu. "Alisikia mzee anakuja, akaona si heshima kukutana naye. Amepita nyuma. Ila kazi amemaliza. Amefungua zote, amesema ziko sawa. Giga nane."

Nilifungua mdomo. Nikakumbuka ni nani aliyeketi pale, nikauziba kwa kitenge.

Baba mkwe hakumtazama Amoni. Alikuwa anaitazama karatasi.

"Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe, tata."

Mzee akavuta pumzi, nikaona bega lake linashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi," akasema. "Mkamwana wangu ana mdomo mrefu, lakini si mwongo. Akisema nane, ni nane. Leteni kalamu."

Nawaambia ukweli, yale maneno yaliniuma kuliko tusi. Miaka yote hiyo nilidhani mzee yule ananivumilia tu, kama mtu anavyovumilia bati linalovuja. Kumbe ananiamini. Na kwa imani hiyohiyo alikuwa anaelekea kusaini, na kwa neno langu, neno ambalo sikulisema. Kesho mashine zikiganda, wangekwenda kumwuliza yeye, kama alivyowaambia mlangoni mwao. Angejibu nini? Kwamba mkamwana wake alisema?

Nikampigia Madam simu. Nikasikia inalia mbali, ofisini kwake, kwenye chaji. Hakusikia.

Ndipo mvua ikaja. Mvua ya Tukuyu haibishi hodi. Ilishuka yote kwa pamoja juu ya bati, na kelele ikajaa chumba mpaka nikashindwa kusikia hata pumzi zangu. Wanafunzi nje walikuwa wanapiga mayowe wakikimbilia varandani. Kupitia ufa niliona midomo ya watu inacheza bila sauti. Mzee Jumaa alikuwa anatafuta kalamu mifukoni.

Nikafanya kama mila inavyoruhusu. Nikauwekea ukuta kiganja, nikasema: "Ewe ukuta, waambie wazee wasisaini! Ewe ukuta, zina nne!" Nilisema kwa nguvu zote za heshima, na heshima haina nguvu kwenye bati. Hakuna aliyegeuka. Nikaupiga mlango ngumi. Amoni akasema kitu, akaonyesha kwa mkono, nadhani alisema maboksi yanaanguka. Nikausukuma kwa bega. Kiti chake hakikusogea. Nikapiga kelele: "Msisaini! Msisaini!" Madam akageuza kichwa dirishani, kule kwa wanafunzi, akatikisa kichwa kama mwalimu anavyotikisa.

Kalamu ikapatikana. Mzee Jumaa alikuwa anampa mkwe wangu.

Nilijua kilichobaki. Niliogopa. Niliogopa kurudishwa kwetu Masoko, kwa kaka yangu, na mabegi yangu, niliogopa uso wa Meshaki, niliogopa Lusajo akilelewa na bibi yake huku mimi nahesabika mke aliyemvunjia mkwe wake heshima mbele za watu. Niliona yote hayo kwa mara moja. Na niliona mkono wa mzee, mkono mkavu wenye kovu la panga la kukatia migomba, unaishusha kalamu kwenye karatasi.

Katika kelele za mvua mtu hasikii neno la mtu, lakini jina lake hulisikia. Nikaweka mdomo kwenye ufa, nikafumba macho.

"Anyelwisye!"

Hapa naliandika kwa kuwa nimeshalilipia. Nililiita tupu, bila mzee, bila baba, kama mtu anavyomwita mwenzake ng'ambo ya mto. Nikaliita tena. "Anyelwisye, usisaini!"

Nilipofungua macho, kalamu ilikuwa hewani. Watu wote pale mezani walikuwa wameganda. Mzee Jumaa, ambaye ni Mwislamu na mila hii si yake ila ameishi nayo tangu utoto, alikuwa amejishika mdomo. Hakuna mtoto wa shule ambaye angethubutu kuliita jina lile hivyo. Ilikuwa sauti ya mwanamke, na ilitoka stoo.

Baba mkwe akaiweka kalamu mezani taratibu. Hakugeuka kunitazama. Alisimama, akachukua fimbo yake, akatembea mpaka ukuta wa mbali wenye ramani ya Tanzania, akasimama akiutazama, mgongo kwetu sote. Kisha akanyoosha fimbo nyuma yake bila kugeuka, kuelekea mlango wa stoo. Madam Hellen akamwambia Amoni ainuke. Akainuka, akakisogeza kiti.

Nikatoka nimejifunika kitenge mpaka puani, natembea kinyumenyume, mgongo kwa mgongo wa mkwe wangu.

"Wazee wangu!" Amoni akaanza, akipaza sauti juu ya mvua. "Jamani, tuseme ukweli. Mkamwana amemtaja mkwe wake jina, mbele za watu! Mimi ni Mnyakyusa, siwezi kukaa kimya. Hiki kikao kimeshachafuka. Mzee akafanyiwe kwanza mambo ya kimila, mimi naacha mzigo hapa, karatasi tutasaini siku nyingine."

Watu walitazamana. Niliona mjumbe mmoja anatikisa kichwa kukubali, na sikuweza kumlaumu. Kwa sababu, kwa mila, kijana yule hakusema uongo.

Kisha nikasikia sauti ya baba mkwe. Hakusema na Amoni. Alikuwa anasema na ramani, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe.

"Ewe ukuta! Mwulize huyo aliyeniita. Zina ngapi?"

Mwanzoni sikuelewa kwamba ananiuliza mimi. Hakuwahi kuniuliza kitu maishani. Madam alinisukuma kwa kiwiko.

"Ewe ukuta," nikasema, "mwambie zina nne. Za mezani tu ndizo zina nane."

"Ewe ukuta! Mwambie aonyeshe."

Tukaanza. Madam alileta boksi moja baada ya jingine kutoka stoo, mimi nikafungua na kubofya, Mzee Jumaa akainama na kusoma kwa sauti maana mimi sauti ilikuwa imeniishia. Na kila mashine, mzee aliuliza ukuta bila kugeuka hata nusu shingo. "Ewe ukuta, na hiyo?" "Nne." "Na hiyo?" "Nne, mzee, naiona kwa macho yangu," alisema Jumaa. "Na hiyo?" Mvua inapiga, mzee anaunguruma kwa ramani, jibu ni lilelile. Mjumbe aliyetikisa kichwa akaja naye kutazama. Ile nafasi tupu ya kuchomekea nikamwonyesha Madam, naye akasema kitu ambacho mwalimu mkuu hasemi mbele ya wanafunzi. Hakuna aliyecheka. Leo nikisimulia watu hucheka, lakini siku ile, kila mzee alipouliza, niliona kama ninahesabiwa mimi. Kama ingetokea hata moja yenye nane stoo, Amoni angekuwa na pa kushika.

Haikutokea.

"Labda ni kosa la kule zilikotoka," Amoni akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Mimi mwenyewe nimedanganywa, tata. Lakini hata hivyo, jina..."

"Ewe ukuta," mzee akamkata, "mwambie kijana huyo. Jina langu leo limetajwa na mkamwana wangu, na dunia haijaanguka. Ningesaini, lingetajwa kilabuni kila jioni mpaka nife, na nikishakufa lingeimbwa. Apakie mzigo wake. Akirudi, aje na zenye nane, na huyo aliyeniita atazifungua moja moja. Zote."

Amoni alipakia kwenye mvua. Viatu vyake vikayajua matope ya Masukulu.

Mzee hakunishukuru. Alimwambia Madam, "Asitoke humu mpaka nifike kwenye migomba," akaondoka, fimbo inagonga sakafu mbele ya kiatu. Mimi nilijificha nyuma ya mlango, kama ipasavyo, kana kwamba hakuna kilichotokea. Madam alinimiminia chai na sikuweza kuinywa.

Niliporudi Msasani nilimweleza Samira, akashangilia mpaka wateja wakageuka. Meshaki hakushangilia. Alikaa kitandani akavua soksi moja, akasahau nyingine.

"Ulimwita jina? Lote?"

"Lote. Mara mbili."

"Ikupa," akasema, "mimi mwenyewe mwanawe sijawahi."

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Hakuna habari iliyokuja kutoka Masukulu. Simu ya mama mkwe haikupokelewa. Nilikuwa nafungua mashine za watu nasahau skrubu nilizoweka wapi. Nilimfokea mteja bila sababu, Samira akaniambia niende nyumbani, nikamfokea naye. Nilikuwa nimeshaanza kumfulia Lusajo nguo zake nzuri zote, kwa sababu kama nitarudishwa kwetu, mtoto asibaki na nguo chafu. Ndivyo akili ya mwanamke mwenye hofu inavyofanya kazi.

Jumamosi mama mkwe akatokea kibandani mwenyewe, ametembea kutoka stendi na mwavuli wake. Hakukaa.

"Mzee amesema mila ni mila," akasema. "Umetaja jina. Faini ni jogoo. Uje naye kesho baada ya ibada, umchinje, umpike wewe, na wazee wa ukoo waje kumla."

Mdomo wangu ukanitoka. "Mama! Nimemwokoa mzee asichekwe na dunia, halafu nitozwe jogoo?"

"Umetaja jina," mama mkwe akarudia, na akaenda zake. Nilikuwa na hasira hadi sikuona kwamba alikuwa anajizuia kucheka.

Nikapeleka jogoo. Alikuwa mkubwa, mwekundu, nilimchagua kwa hasira. Nilichinja, nikanyonyoa, nikapika jikoni kwa mama mkwe, moshi unanitoa machozi na si moshi peke yake. Upande wa pili wa ukuta wazee wa ukoo walikuwa wamekaa sebuleni na mwenye nyumba, nawasikia wanazungumzia bei ya chai na mbolea, hakuna anayelitaja jambo langu. Mama mkwe alipakua. Paja kwa huyu, kidari kwa yule, na firigisi akaiweka juu ya sahani ya mzee, kama inavyowekwa katika nyumba yoyote. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Hata Meshaki hajawahi kuionja pale. Akafunika sinia, akaingia nalo.

Mimi nikakaa kwenye kigoda, nimeegemea ukuta, nasubiri niambiwe nimesamehewa au niondoke.

Kisha mama mkwe akarudi na kisahani kidogo kimefunikwa kwa kawa. Akakiweka mapajani mwangu.

"Mzee amesema hii ni ya ukuta," akasema.

Nikafunua. Firigisi ilikuwa pale, nzima, haijaguswa, na kipande cha ndizi pembeni.

Sikujua nifanye nini. Nikaishika kwa vidole, nikaiweka mdomoni. Upande wa pili nikasikia mtu anakohoa, na fimbo ikagonga sakafu mara moja.

"Ewe ukuta!" akaita. "Imeiva?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa na machozi yalikuwa yananishuka. Nikanyoosha mkono nyuma, nikaugonga ukuta kwa kiganja ili ajue imeiva.